Asilimia 2 bila mkalimani

Mwandishi, habari yako ya mikopo ya halmashauri ni nzuri ila umeishia kwenye hesabu: asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Hiyo iko kisheria tangu 2018, tena haina riba. Sawa. Shida iko dirishani.

Mdogo wangu ni kiziwi, anashona nguo Mbagala na wenzake. Walienda ofisi moja ya halmashauri (jina silitaji) kuulizia mkopo huo, hakuna hata mtu mmoja anayejua lugha ya alama. Wakaandikiana mpaka karatasi ikaisha. Safari ya pili nikawasindikiza. Afisa akawa anaongea na mimi tu, wao kama hawapo, wakati cherehani ni zao! Mimi hata sindano sijui kuitunga uzi.

Na hii miradi ya usawa ya wafadhili, hela inaishia semina za hotelini, fulana na posho (nimewahi kula hiyo posho, sikatai). Dar tuna halmashauri tano tu. Kuajiri mkalimani mmoja kila moja kweli kunashindikana?