Kiti cha katikati na haki ya kusita

Kwenye meza yetu ya Ijumaa hapa Uyole, Mbeya, ambako tunacheza poka, karata za kuwekeana dau ambamo kila mtu hushika karata mbili za siri, kwa punje za maharage na si kwa shilingi, kumezuka ubishi ambao haujaisha hata baada ya birika la tatu la chai. Vijana waliojifunza mchezo kwenye simu wanashikilia kwamba aliyekaa kiti cha katikati, akikuta mwenzake amekwisha kupandisha dau, ana njia mbili tu, ama apandishe tena au akunje karata na kujitoa; kulipia, yaani kuweka kiasi kilekile cha mwenzake, na kungoja karata za mezani wanakuita woga.

Hoja yao ina uzito. Anayelipia tu huwaachia walio nyuma yake bei nafuu ya kuingia, au mmoja wao hupandisha kwa kishindo na kumbana katikati ya wawili. Tena mtu anayepandisha akiwa na ree mbili au wafalme wawili peke yake husomeka kama kibao cha daladala, na ndiyo maana wanashauri kuchanganya humo karata za kuzuga, hasa ree na tano za uru: ree moja ikiwa mkononi mwako, njia sita za mpinzani kupata ree mbili hubaki tatu, na hicho ndicho wanachokiita kizuizi.

Hapo ndipo ninaposita. Tuseme dau dogo la lazima ni punje 5 na kubwa ni 10, wa kwanza kati ya wachezaji tisa amepandisha hadi 30, wawili wamekunja, nawe unaweka 90. Unahatarisha 90 ili uchukue 45 zilizopo mezani, kwa hiyo mzugo mtupu unahitaji wote wakunje mara mbili katika kila tatu ndipo usile hasara. Lakini nyuma yako wamekaa watano ambao hawajasema neno. Bila ree yako, uwezekano kwamba angalau mmoja wao ameshika malkia wawili, wafalme wawili, ree mbili, au ree na mfalme ni takriban asilimia 12. Ukiwa nayo, hushuka hadi kati ya 10 na 11. Kizuizi kinachosifiwa usiku kucha kimekupunguzia chini ya pointi mbili! Kwa kuwa kila mara kumi utamwamsha mmoja wa hao watano, aliyefungua kwa punje 30 anatakiwa akunje karibu mara tatu katika kila nne, naye alifungua kutoka kiti cha kwanza, ambako mtu haingii na takataka.

Ni kweli kwamba kulipiwa si kufa. Ree na tano za uru zikikutana na wafalme wawili na karata zote zikafunuliwa, hushinda karibu mara moja katika kila tatu. Ila meza inayodhaniwa na masomo ya kwenye simu ni meza ya watu wanaokunja, na yetu si hiyo. Mtu aliyevuka baridi ya Julai kuja kucheza hatupi malkia na ghulamu kwa sababu umempandishia. Atalipia, atacheka, kisha atataka kuziona karata. Kwa watu wa namna hiyo kusomeka hakukugharimu kitu, kwani wafalme wako watalipiwa hata kila mtu akijua unao, na mzugo ndio unaobaki bila wa kuutisha.

Kwa hiyo kutoka katikati mimi hupandisha tena nikiwa na karata nzito tu. Nikishika karata mbili za kumi hulipia, na nikishika ree na tano za uru hukunja bila aibu. Nikiwa mgawaji habari ni nyingine. Nyuma yangu wamebaki wawili wa madau ya lazima, ile asilimia 10 imeshuka hadi 4 na kidogo, na aliyefungua akiwa ameingia kutoka kiti cha jirani yangu, ambako watu hufungua na karata nyingi zaidi, uru zilezile nazisukuma mbele na punje 90.