Nimerithiwa Nikiwa Hai

Laptopu yangu mpya imeniambia sina ruhusa. Mimi! Mweka hazina wa chama cha kuzikana, mtu anayesimama kwenye kikao watu wakanyamaza. Nasema mpya, ila waliowahi kununua kompyuta Kariakoo wanaujua upya wake. Nimeiwekea Debian, aina ya Linux, ile mifumo ya bure ya kuendeshea kompyuta, kwa mkono wangu, nimechomeka diski yenye mizigo yangu yote kutoka ile ya zamani, nagusa folda yangu mwenyewe, naambiwa huingii.

Na hapo nilishavumilia mengi. Flashi ya gigabaiti 32 ilikataa video ya sendofu ya binti yangu, gigabaiti 5, eti FAT32, mpangilio wa kuhifadhia faili uliomo kwenye flashi, haupokei faili moja linalozidi 4, hata kama ndani kuna nafasi ya kucheza mdundiko. Nikakuta folda ya "Picha" na folda ya "picha" huku kwenye Linux ni watu wawili wasiosalimiana. Umeme ulikatika kopi ikiwa asilimia tisini na kitu. Hilo hata silisemi.

Ikabidi niite kijana wa mama mwenye nyumba, anasomea kompyuta chuoni. Kumwita kwenyewe ni ushujaa, maana kodi ya mwezi huu… tuyaache.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Dude hili linanikatalia faili zangu."

Akafungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, akaandika ls -ln, amri ya kuorodhesha faili na namba za wenyewe, akakodoa macho kama daktari mwenye majibu mabaya.

"Mzee, hizi faili si zako. Ni za 1001."

"1001 ndiye nani?"

"Ni wewe. Wa zamani."

Nikaomba kiti. Akanieleza kwa upole kwamba diski ya ext4, mpangilio wa Linux wa kuhifadhia faili, haiandiki jina la mwenye faili, inaandika namba. Ile kompyuta ya zamani nilinunua ikiwa na akaunti ya aliyeniuzia, yeye ndiye 1000, mimi nikaongezwa nyuma yake nikawa 1001. Kwenye hii mpya nimejiandikisha wa kwanza, kama inavyompasa baba wa familia, nikapewa 1000. Jina ni lile lile, paswadi ile ile, sura hii hii, lakini mashine inamtafuta bwana mwingine.

"Sasa humu 1001 yupo?"

Akaangalia. Akakohoa.

"Yupo, mzee. Ni dogo."

Dogo! Mwanangu wa kidato cha pili, niliyemfungulia akaunti afanyie kazi za shule, naye anachezea mpira wa kwenye kioo. Akaitwa. Akaingia kwa paswadi yake, diski ikachomekwa, folda zikafunguka zote bila hodi. Miaka ya maisha yangu, mrithi ndiye huyo, ana kandambili ya mguu mmoja.

"Baba, hii MADENI_USIFUNGUE ni nini?"

"Funga."

"Mbona mama mwenye nyumba yumo?"

Kijana wa mama mwenye nyumba akasogeza kiti.

"Nimesema funga!"

"Na hii risiti ya shamba la Mkuranga?"

Jikoni mwiko ukaacha kugonga sufuria.

Jamani, mtu akalipe ada, akalipe maji ambayo hayatoki, agombanie daladala alfajiri, halafu kipande cha chuma kije kimwambie mwenye mali ni mtoto aliyepata alama 31 za hisabati? Kwa namba? Wazee wa ukoo hawakushirikishwa, hata wosia sijaandika!

Dawa ipo, na ni mstari mmoja wa kubadilisha mwenye faili: sudo chown -R, jina langu, jina la folda. Inataka paswadi. Naandika, hakionekani kitu, hata kinyota. Naandika tena kwa nguvu.

"Andika taratibu mzee, inasoma."

Nikabonyeza, kimya. Linux ikikubali haisemi neno. Mama watoto naye alikuwa kimya, lakini kimya chake ni cha aina nyingine, na hakuna amri ya kukishughulikia.

Shamba lenyewe analoninunia ni robo ekari! Mikorosho mitatu, na sasa naambiwa mmoja ni wa jirani. Jirani anasema mpaka ni ule mti, dalali anasema mpaka ni njia, na njia ya kule kila masika inahama. Dalali simu hapokei, ila ukimpigia kwa namba ngeni anaitika kabla haijalia. Unajikusanya, unapanda gari hadi Mkuranga, bodaboda hadi kijijini, vumbi mpaka kwenye kope, unamtafuta mwenyekiti wa kitongoji akuandikie karatasi, unaambiwa amekwenda msibani Rufiji, na mhuri ameondoka nao.