Safari Rally ya zamani: magari yanafufuliwa, barabara zinazikwa

Wapenzi wa Safari Rally ya zamani wamegawanyika kambi mbili. Ya kwanza inasema gari la mashindano lisilokimbia ni chuma tu: lifufuliwe, litiwe mafuta, lirudi kwenye vumbi. Ya pili inasema ukilifufua unafuta ushahidi, kwa kuwa kila boneti mpya na kila weldi mpya inaondoa alama iliyokuwa ikieleza gari lile lilipita wapi na kupatwa na nini. Hoja zote mbili zina uzito. Lakini mabishano yenyewe yanahusu sehemu ya historia yenye ulinzi kuliko zote. Gari lina mwenyewe, lina bei, lina banda. Barabara lililopita haina hata kibao.

Tukumbushane kwa ufupi. Mashindano yalianza tarehe 27 Mei 1953 kwa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Nyuma yake walikuwepo Eric Cecil na binamu yake Neil Vincent, aliyekuwa amechoshwa na kuzunguka kiwanja kilekile cha Langa Langa karibu na Gilgil. Magari yaligawanywa kwa bei ya dukani badala ya ukubwa wa injini, na mwaka ule hakukuwa na mshindi mmoja wa jumla. Mwaka 1960 jina likawa East African Safari Rally, na njia ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye barabara za kawaida za umma. Ilipoanzishwa michuano ya rali ya dunia mwaka 1973, Safari ilikuwemo. Ilitolewa baada ya mwaka 2002, ikarudi Naivasha mwaka 2021 ikiwa fupi zaidi na yenye sura nyingine kabisa.

Kambi ya wanaoendesha kwanza. Hoja yao kubwa ni ya kiufundi, na ni ya kweli: gari lililolala huharibika haraka kuliko linalotembea. Petroli iliyokaa kwenye kabureta huganda na kuziba jeti. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo silinda za breki huota kutu kwa ndani hata kama gari halijasogea. Yanatakiwa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi. Sili za mpira hukauka, na zikikauka gia boksi na difu zinaanza kuvuja. Anayetaka kulilaza gari kwa miaka lazima alipandishe kwenye stendi ili tairi na springi zisibebe uzito, aondoe petroli yote, atoe plagi na kumimina oili kidogo kwenye kila silinda, kisha aizungushe injini kwa mkono kila mwezi. Wachache wanafanya hivyo. Wengi hufunika turubai la plastiki, ambalo hufungia unyevu ndani na kulipikia gari kutu.

Kuendesha pia kunalinda ujuzi. Fundi anayejua kusawazisha kabureta mbili kwa kusikiliza mvumo wa hewa kupitia kipande cha mpira ni historia inayotembea, na ujuzi huo hauhifadhiki kwenye kabati la kioo. Kuna na mambo ambayo kitabu cha zamani hakiyataji. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye risasi (madini ya lead) kufikia mwanzoni mwa 2006. Injini kama B18 ya Volvo PV544, yenye silinda hedi ya chuma cha kusubu, ilitegemea ile risasi kulinda viti vya vali, yaani kingo ambazo vali hukalia zikifunga. Ukiipiga mbio ndefu kwa petroli ya leo, viti vya vali ya ekzosi vinalika, nafasi ya vali inazibika, mgandamizo unashuka, na mwenye gari anaanza kulaumu pete za pistoni. Dawa ni kuweka viti vigumu, au walau kuongeza dawa ya petroli na kupima nafasi ya vali mara kwa mara. Asiyeendesha hatalijua hilo kamwe.

Sasa kambi ya pili. Chukua gari la miaka ya 1960 lililokimbia kweli. Kwenye bampa la nyuma kuna vikanyagio, na kwenye buti kuna vishikio: mwelekezi, yule anayemsomea dereva njia, alisimama pale akirukaruka ili tairi za nyuma zishike tope. Mbele kuna matundu ya taa za ziada, na pengine matundu mengine yaliyozibwa, kwa sababu gari lilibadilishwa kati ya mwaka mmoja na mwingine. Chini kuna vipande vya bati vilivyochomelewa usiku, porini, bila unadhifu wowote. Fundi wa bodi anayetaka gari lionekane zuri ataona takataka. Atakata, atapiga puti, atapaka rangi tano, na gari litapata alama nyingi kwenye maonyesho kama Concours d'Elegance ya Nairobi. Ila kile kilichokuwa kinathibitisha kwamba ni gari lenyewe, na si jingine la aina hiyohiyo lililobandikwa namba, kitakuwa kimekwenda na msumeno.

Njia ya kati ipo, na haihitaji mashine. Kabla ya kugusa chochote, piga picha kila upande, ndani, chini na ndani ya boneti, ukiweka rula ionekane. Andika namba ya chesisi, ya injini na ya bodi jinsi zilivyo, hata kama hazilingani na kitabu cha gari; kutolingana nako ni habari. Kisha chagua sehemu iliyofichika yenye ukubwa wa sarafu, uisugue kwa msasa namba 400, halafu 800, halafu 1200, kwa maji. Tabaka za rangi zitatokea kama pete, ya zamani kabisa ikiwa katikati, na zitakuambia gari lilikuwa na rangi gani kabla ya hii uliyoikuta. Kila bati linalokatwa lifungwe lebo na kuwekwa. Fundi mwenye haraka hukataa kazi hii kwa kuwa inamla siku mbili asizolipwa. Mwenye gari akubali kuzilipia.

Hoja kali zaidi ya kambi ya pili haihusu bati hata kidogo, inahusu picha inayobaki kichwani mwa watu. Tangu mwaka 2003 kuna East African Safari Classic Rally, mashindano ya magari ya zamani, na bila hayo vijana wengi wasingejua kama Safari iliwahi kupita Taita au Usambara. Lakini angalia orodha za washiriki: Porsche 911 juu ya Porsche 911, nyingi zikiwa zimetengenezwa Ulaya, zenye shokapu za kisasa na vifaa vya kufuatiliwa kwa setilaiti. Porsche haikushinda Safari ya asili hata mara moja. Ilipata nafasi ya pili, ikiwemo mwaka 1974 kwa Björn Waldegård na 1978 kwa Vic Preston Mdogo, basi. Waldegård alikuja kushinda kwa 911 mwaka 2011, kwenye hiyo Classic.

Walioshinda zamani walikuwa na magari ambayo majirani zetu walikuwa nayo. Vic Preston mkubwa na D. P. Marwaha walichukua 1954 kwa Volkswagen. Peugeot 404 ilishinda mara nne: Nick Nowicki na Paddy Cliff mwaka 1963 na 1968, Bert Shankland na Chris Rothwell wa Tanzania mwaka 1966 na 1967. Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda 1965 kwa PV544 iliyokwisha tumika. Kisha zikaja Datsun. Leo 404 nzima ni adimu, kwa sababu ilifanya kazi ya teksi na ya kubeba mizigo mpaka ikaisha, na mwenye fedha hanunui 404 ili apate jina. Kwa hiyo mashindano ya kumbukumbu yanakumbuka kitu ambacho hakikutokea. Si kosa la waandaaji peke yao, maana anayelipa ada ndiye anayechagua gari. Hata hivyo kutenga daraja lenye ada nafuu kwa magari madogo yaliyosajiliwa Afrika Mashariki tangu enzi zile lisingewagharimu sana.

Sasa barabara, ambako ndiko hasara ilipo. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza saba. Gari la mwaka ule haliwezi kukueleza kwa nini. Ukiliangalia bandani utadhani lilikuwa bovu. Jibu liko ardhini. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, mvua ikinyesha, gari la kwanza huacha mifereji, la pili huzama ndani yake, la tatu hukwepa pembeni na kuanzisha njia mpya. Baada ya magari thelathini "barabara" ni ukanda mpana wa makumi ya mita wenye njia sita zinazopishana, na kila dakika ya kuchelewa ilihesabiwa alama moja ya adhabu. Kwenye murram shida ni nyingine. Greda hukwangua kila msimu, usawa wa barabara unashuka chini ya mashamba ya pembeni, barabara inageuka mfereji wa maji, mpaka siku moja mhandisi anaamua kujenga mpya kando yake. Ile ya kwanza inalimwa mahindi.

Nyingine zimelala chini ya lami. Mteremko wa Tambach, kutoka Iten kushuka Bonde la Kerio, ni lami. Hakuna mwenye akili anayedai lami isijengwe ili kumbukumbu za rali zibaki. Mama mjamzito anayepelekwa hospitali ana haki kubwa kuliko kona ya kihistoria. Kinachodaiwa ni kupima kabla greda halijafika.

Na kupima kuna mitego. Vitabu vya njia vya zamani viko kwa maili, vikitaja daraja, njia panda na mto. Watu huzidisha kwa 1.609, wanawasha simu, wanafuata, wanapotea. Sababu ni kwamba mita ya gari ilihesabu mizunguko ya gurudumu, si ardhi. Tairi iliyolika ina mzingo mdogo, hivyo huzunguka mara nyingi zaidi na mita husoma zaidi. Kuteleza kwenye tope huongeza tena. Kosa la asilimia 2 kwenye maili 100 ni zaidi ya kilomita 3, linatosha kukuingiza kwenye njia panda isiyo yako na kukufanya uape kwamba umeipata. Kwa hiyo usihesabu tangu mwanzo wa kitabu. Tafuta nguzo ambazo hazijahama: stesheni za reli ya zamani kama Mtito Andei na Voi, madaraja ya mawe, makanisa na misikiti ya zamani. Pima kati ya nguzo mbili, pata tofauti kati ya kitabu na ardhi, gawanya kosa kwa uwiano kwenye alama zilizo katikati. Kisha linganisha na ramani za zamani za kipimo cha 1:50,000.

Ukiwa pale, simu ya kawaida inakosea mita tano hivi chini ya anga wazi, na zaidi kwenye bonde au msitu. Inatosha kwa barabara, haitoshi kwa kalavati. Kwenye kalavati simama dakika mbili tatu uchukue nukta kadhaa. Pima upana wa tuta, andika aina ya mawe, piga picha kutoka pande zote mbili za uelekeo. Na pale palipokuwa na mbuga, usichore mstari mmoja. Chora ukanda. Mstari mwembamba kwenye udongo mweusi ni uongo.

Kuna barabara moja inayokumbukwa bila juhudi za mtu yeyote: ile ya mteremko wa Mai Mahiu, iliyojengwa na mateka wa Kiitalia wakati wa Vita Kuu ya Pili. Inakumbukwa kwa sababu walijenga na kikanisa kando yake, na kikanisa kimesimama. Ingekuwa lami na kona tu, tungeshaisahau.

Bado kuna karatasi na watu. Negativu za zamani zikinuka siki zimeanza kuoza na zitaambukiza nyingine. Zitenganishe, uziskani kwanza, kwa dpi (nukta kwa inchi) 3,200 au zaidi, kwa faili za TIFF, zisizopunguza ubora wa picha. Pwani, ambako hewa ina unyevu, kuvu hushambulia slaidi zilizofungwa bila silika jeli. Albamu za gundi za miaka ya 1970 zinahitaji subira: piga picha ukurasa mzima kabla ya kung'oa chochote, kisha pitisha uzi wa kusafishia meno nyuma ya picha taratibu. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini. Wino wa kalamu hupenya.

Kwa upande wa watu, kinachokusanywa ni masimulizi ya madereva, na hapo kambi zote mbili zina upofu uleule. Mwaka 1953 Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, na magari yalikuwa yakikimbia kwa heshima ya malkia. Aliyesimama kando ya barabara akiyatazama yakipita, fundi aliyelala chini ya injini Nakuru, na vijana waliosukuma magari kwenye tope kwa shilingi chache, hao wana Safari nyingine ya kusimulia, isiyo na kombe. Wengi wamevuka miaka themanini. Ukiwa na mwezi mmoja na bajeti ndogo, anza na hao, ukiwa na kinasa sauti na picha za zamani za kuwaonyesha, kwa maana mtu akionyeshwa daraja hukumbuka zaidi kuliko akiulizwa mwaka. Zinafuata negativu. Kisha barabara, ukianzia zile ambazo kandarasi yake imeshatangazwa. Gari lisubiri kwenye stendi zake, plagi zikiwa zimetolewa na oili ikiwa kwenye silinda.