Mlenda Darini

Mama mkwe alifika kutoka Mpwapwa akanikuta nafungua boksi la mawe niliyoagiza Dar. Akauliza bei. Nikamtajia nusu yake, na bado akashika kiuno. "Baba Neema, unanunua mawe? Dodoma hii?"

Nikamweleza kuwa tangi langu la kioo, la kufugia matumbawe, wale wanyama wa baharini wanaofanana na maua, ni la maji ya chumvi, gramu 35 hivi kwa lita, na haya ni mawe ya chokaa yenye vitundu vinavyokaliwa na bakteria wa kusafisha maji. Nikadondoshea moja siki, likatoa povu, dalili ya chokaa.

"Siki ni ya kachumbari," akasema, akatoka.

Akarudi na khanga imejaa mawe ya korongoni. Yaliyometameta na yenye michirizi ya kutu nikayakataa, maana madini yakiyeyuka majini, hasa shaba, hata kidogo tu, matumbawe hayaponi. Yakabaki mawili ya heshima. Nikashukuru, nikasema yatasafishwa kwanza. Nilimaanisha brashi.

Jioni nikageukia matumbawe. Mfuko wenye tumbawe jipya ulishaelea tangini robo saa ili joto lilingane. Tumbawe geni huanzia chini, kwenye mwanga hafifu, na huachiwa nafasi: mengine usiku hunyoosha minyiri, vijimkono vyake laini, na kumchoma jirani. Nikapaka supa glu nzito, ile inayoshika hata majini, nikazamisha mkono hadi begani, nikalikandamiza tumbawe kwenye jiwe kwa kidole gumba.

Jikoni kukalipuka. PAA!

Kumbe mama ameweka jiwe juu ya makaa "kuua vijidudu", ubavuni mwa sufuria ya mlenda. Jiwe la korongoni, mvua za Januari hizi, limeshiba maji kwa ndani. Maji yakawa mvuke, mvuke ukakosa mlango. Bahati nzuri mwenyewe alikuwa uani akichukua unga. Aliyepata hasara ni mlenda tu: uliruka wote darini, kisha ukaanza kurudi chini kwa nyuzi, bila haraka yoyote.

Mimi huku nimeshtuka, gumba limeteleza kwenye gundi. Gumba, tumbawe na jiwe vimekuwa kitu kimoja. Nikivuta, mawe yote yanaporomokea kioo.

Balozi wa nyumba kumi akaingia mbio. "Mbukwenyi!" akasalimu kwa Kigogo. "Nani kapigwa risasi?"

"Shikamoo, balozi." Nikampa mkono wa kushoto, sikuwa na mwingine.

Akautazama, hakuupokea. "Marahaba. Wa kulia umeuazimisha?"

"Kashikwa na ua," mama akanijibia.

Balozi akainama kwenye kioo, akakodoa macho. "Linauma?" Uzi wa mlenda ukamtua kwenye kofia.

Mke wangu alinikomboa kwa wembe. Tumbawe likabaki na ngozi yangu kidogo. Balozi naye alikuwa ameshafungua daftari la matukio, akiandika huku akitamka kwa sauti: "Jiwe limelipuka. Mkazi mmoja ameshikwa na ua. Mboga imeharibika."