Panya Kasoma Mara Moja, Mimi Mara Kumi na Nne

Jamani, mimi ni fundi viatu, naishi Kihonda hapa Morogoro, na chini ya godoro langu kuna bahasha ya kaki yenye vyeti 14 vya semina. Sijasema nimesoma. Nimehudhuria. Hata vyeti vyenyewe vimeandikwa hivyo hivyo, "amehudhuria", havijanisingizia.

Nimehudhuria uyoga. Nimehudhuria kware, enzi zile watu wanauza kitanda ili wanunue mayai ya kware. Nimehudhuria batiki, sungura, mkaa wa makaratasi, na malezi bora, ambayo mama watoto alinisindikiza mpaka mlangoni kuhakikisha nimeingia. Mwezi uliopita nikahudhuria sabuni ya maji.

Mwaliko unasema saa 2 kamili asubuhi. Ukifika saa 2 kamili unamkuta mlinzi anafagia, anakutazama kama umekuja kuiba viti. Saa 4 na nusu mgeni rasmi yuko njiani, na hapa kwetu "yuko njiani" maana yake anaoga. Ili tusilale, mwezeshaji, kijana wa juzi tu, kanyoa vizuri, akasema kila mtu ajitambulishe na kutaja mnyama anayefanana naye. Mzee mzima, nina wajukuu wawili, nikasimama mbele za watu nikasema mimi ni twiga. Kwa nini twiga? Simba walishaisha, walikuwa saba. Bibi mmoja wa Mji Mpya akasema yeye ni mtu, akakaa zake. Nikajuta kutoanzia upande wake.

Kisha tukagawiwa vikaratasi vya rangi tuandike matarajio, vibandikwe kwenye bango kitita. Ukumbi mzima tukaandika "kupata ujuzi". Uongo mtupu! Matarajio yalikuwa nauli na sambusa. Na sambusa zenyewe zilihesabiwa, mbili mbili na soda moja. Ikatangazwa kwenye kipaza sauti kwamba kuna mshiriki kachukua ya mwenzake. Watu wakatazamana, kila mmoja akafuta mdomo.

Sabuni sasa. Tuligawanywa vikundi vya watu wanane, ndoo moja, mwiko mmoja. Mwiko akaushika mwenyekiti wa kikundi na hakuuachia mpaka jioni. Katibu akaandika. Mimi nikateuliwa mtunza muda, kwa hiyo ujuzi niliotoka nao pale ni wa kutazama saa. Nikaja nyumbani kifua mbele, nikanunua sless, ile dawa ya kutoa povu, chumvi, rangi na manukato ya limau, nikakoroga upande mmoja bila kugeuza, kama tulivyoambiwa. Chumvi nikazidisha kidogo. Asubuhi mama watoto kafunika ndoo, kafunua, kafunika tena, kaniuliza, "Baba, hii ni sabuni au mchuzi?"

Hata ingekuwa sabuni, ningemuuzia nani? Mtaa mmoja tumefundishwa watu 40. Jumatatu yake watu 40 wametoka na madumu ya sabuni, tunapishana vichochoroni tunabishiana hodi. Jirani kaja kuniuzia, kanikuta nafunga dumu niende kwake.

Lakini iliyoniuma ni ile ya mikopo ya halmashauri. Siku nzima tumekaa tunafundishwa kuunda kikundi, kuandika katiba, kufungua akaunti. Naandika mpaka kalamu inapata joto. Jioni, tumeshafunga na madaftari, ndipo mtu akauliza inagawanywaje hiyo asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri inatenga kwa mikopo. Jibu: wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2. Nikajumlisha kwa vidole, nikarudia. Inatimia 10 kweli. Mwanaume wa miaka 52 mwenye viungo vyake vyote hayumo hata kwenye desimali. Nikanyoosha mkono niulize, nikaambiwa muda umekwisha. Na mtunza muda alikuwa mimi.

Sasa nisikilizeni vizuri. Hapa hapa Morogoro, pale SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kuna shirika linaitwa APOPO, wanafundisha panya. Panya buku, wale wakubwa, ukikutana naye usiku unampa njia. Anafundishwa kunusa baruti. Akipatia anasikia "klik", anapewa kipande cha ndizi. Mafunzo yake ni kama miezi tisa, na akifaulu anapewa kazi. Narudia, anapewa kazi! Wengine wananusa makohozi wanagundua kifua kikuu. Mmoja, Magawa, alipanda ndege mpaka Kambodia, akanusa mabomu ya ardhini na mengineyo zaidi ya 100, mwaka 2020 Waingereza wakamvisha medali ya dhahabu, na mwaka uliofuata akastaafu kwa heshima. Kastaafu! Mimi sijaajiriwa.

Na hakuna mtu aliyewahi kumwambia yule panya ataje mnyama anayefanana naye.

Mimi safari yangu ndefu kwa ajili ya elimu ni daladala mpaka viwanja vya Nane Nane, kila Agosti, kumtazama ng'ombe aliyeoga kuliko mimi na kabichi ya kubebwa na watu wawili. Narudi na vipeperushi. Mama watoto anawashia jiko.

Juzi kuna kijana kaniambia kuna nafasi ya kufundisha wenzangu kushona ngozi, ya malipo, nipeleke vyeti. Nikanyanyua godoro. Bahasha ina tundu la ukubwa wa kikombe. Panya, tena huyu wa jikoni, si buku wala nini, kaingia kwenye vyeti vyote 14 na kachagua pa kula: kala jina langu na muhuri. "Amehudhuria kikamilifu" kaiacha.

Mama watoto kanunua mtego sokoni, anauliza tutegee dagaa au mkate. Nimemwambia aweke ndizi. Huyo keshasoma.