Ngazi tano za Alpi na miteremko yetu

Katika majira ya baridi, taasisi ya utafiti wa theluji iliyoko Davos, Uswisi, hutangaza hatari ya maporomoko ya theluji kwa ngazi tano, kuanzia hatari ndogo hadi hatari kubwa mno. Mvua inapozidi huku magharibi mwa Kenya, wapo wanaouliza kwa nini nasi, ambao mlima hutuangukia kwa udongo, tusitangaziwe vivyo hivyo.

Hoja yao ina uzito. Theluji mpya hulemea tabaka dhaifu lililo chini yake mpaka ikateleza, hasa kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Udongo nao hunywa maji hadi ukawa mzito na chembe zake zikaachiana. Mvua hupimika na mteremko hupimika. Usiku mmoja wa Novemba 2019, huko Nyarkulian na Parua, Pokot Magharibi, watu zaidi ya 40 waliangamia, wengi wakiwa usingizini. Tahadhari inayotaja kaunti nzima haimwambii mtu lolote kuhusu kilima kilicho nyuma ya jiko lake.

Lakini wanaopinga wameona jambo ambalo wenzao hulipita haraka. Huko kwenye milima ya Alpi, wengi wanaofunikwa na theluji ni watelezaji wa theluji waliokwenda mlimani kwa hiari yao, na mara nyingi uzito wao wenyewe ndio huliamsha poromoko. Akisikia ngazi ya nne, mtelezaji huahirisha safari, basi. Mkulima wa Mlima Elgon anaishi papo hapo, ana ng'ombe wawili na wajukuu, na mvua inapiga saa nne za usiku: aende wapi? Ndiyo maana wao husema watu wahamishwe kabisa.

Hapo ndipo ninapotofautiana nao. Baada ya poromoko lililofukia kijiji cha Nametsi, Bududa, upande wa Uganda wa mlima huohuo, mwaka 2010, familia kadhaa zilipelekwa Kiryandongo, mbali na mlima, na nyingine zikarudi, kwa kuwa mlimani ndiko kwenye rutuba na makaburi ya wazee. Isitoshe, ramani za hatari, ambazo ndizo zingeonyesha nani ahame, nazo hukosea: huko Galtür, Austria, mwaka 1999, theluji ilizifikia nyumba zilizodhaniwa kuwa salama, wakafa watu 31.

Naegemea tahadhari, basi, ila iwe ya mteremko kwa mteremko, na ianze na yale ambayo wenyeji huyaona kabla ya chombo chochote: ufa uliokatiza shamba la mahindi, chemchemi iliyogeuka tope, mti ulioinama tangu juzi. Na kabla ngazi ya kwanza haijatangazwa, kila kijiji kijue ni kanisa au shule gani iliyo mahali salama itakayofunguliwa usiku huo, na ufunguo uko kwa nani.