Mpangaji kumwandikia mwenye nyumba notisi sio ukorofi

Ndugu zangu wa Mtwara kuna jambo linanikera muda mrefu, leo nalisema. Huku Uingereza mpangaji akidhulumiwa anaandika barua ya notisi, umenifanyia hivi na hivi, nakupa siku 14, zikipita nakushtaki, basi, hakuna kutukanana wala kununiana. Mimi mwenyewe nimeshaiandika. Mwenye nyumba alikalia dipoziti yangu, ile hela ya dhamana unayoweka ukiingia, baada ya kuhama, kumbe hata hakuiweka kwenye mfuko unaotambulika kisheria, na sheria ya England tangu 2007 inamtaka aiweke, siku hizi ndani ya siku 30, asipoweka mahakama inaweza kumlipisha mpaka mara tatu ya hela yenyewe. Nikayaweka yote kwenye ukurasa mmoja, tarehe, kiasi, na risiti nikaambatanisha. Hela ikarudi, mahakamani sikufika.

Sasa njoo kwetu. Mdogo wangu alipanga Chikongola, kalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo kama kawaida yetu, dalali nae kachukua ya mwezi mmoja, kakaa miezi miwili tu akaambiwa ahame, msimu wa korosho umeanza na kuna mtu anatoa zaidi. Akafunga virago akaenda Magomeni ya hapohapo Mtwara, hela ya miezi minne ikabaki kule. Namuuliza kwanini hukuandika hata barua, ananiambia kaka nitaonekana mkorofi, yule mzee anawajua mpaka wazazi wetu. Hapo ndo roho inaniuma jamani, mtu kadhulumiwa alafu yeye ndo anaona aibu!

Sisemi huku ni peponi. Kodi zinaumiza, na wageni wengi wanalala kwenye vyumba vina ukungu ukuta mzima wanakaa kimya wakiogopa kutolewa. Na kwetu kuna zuri ambalo huku sijaliona, mwenyekiti wa mtaa anawaita wote wawili jioni mnayamaliza palepale. Ila bila karatasi kila mtu atakuja na maneno yake, na ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005, kwahiyo kinachombeba mpangaji ni mkataba na maandishi yake. Mnakumbuka wakati wa kelele za gesi asilia kwetu Mtwara kodi zilivyopaa, nani alikuwa na cha kuonyesha?

Andika notisi, taja kiasi unachodai na siku unazompa, nakala kwa mwenyekiti. Akigoma nenda baraza la kata, tangu marekebisho ya 2021 kazi yao ni kusuluhisha tu, siku 30 zikiisha bila muafaka unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kumwambia mzee wa watu mapema unachodai ni kumheshimu, kuliko kumsema vibarazani.

Mdogo wangu mkataba anao na risiti anazo. Barua nimeshamwandikia, amebakiza kusaini na kuipeleka.